Nasaba ya Chungwa la Kibiti: Kweli au Si Kweli?

Hakuna msitu duniani ambamo mchungwa mtamu umewahi kukutwa ukiota wenyewe kama mbuyu au mkwaju. Popote ulipo, kuna mtu aliyeupanda, au aliyetupa mbegu, au aliyerithi shamba la babu yake. Ndivyo ilivyo China, ndivyo ilivyo Brazil, na ndivyo ilivyo kwenye ardhi ya mchanga inayoanzia Jaribu Mpakani, ikapita Bungu na Kibiti mjini hadi Ikwiriri, karibu na Daraja la Mkapa. Huko michungwa husimama katikati ya mikorosho, minazi na miembe kana kwamba ilikuwapo tangu enzi na enzi.

Kwa kuwa mti huu umebebwa na watu kutoka nchi hadi nchi, maneno juu yake nayo ni mengi. Utayasikia shambani, kwenye vitalu vya miche, kwenye magenge ya barabara ya Kilwa na kwenye boti za Nyamisati. Mengine ni elimu safi ya wazee. Mengine humfanya mkulima akate mti usio na kosa, au alee kwa miaka mti usio na faida. Hapa nimeyachukua yale yanayohusu asili na ukoo wa chungwa, nikayapima.

"Machungwa yaliletwa na Wareno."

Si kweli, na ushahidi umeandikwa na Wareno wenyewe.

Vasco da Gama alipotia nanga Mombasa Aprili 1498, shajara ya safari yake inasema mfalme wa mji alimpelekea kondoo pamoja na machungwa mengi, malimau na miwa. Mtu hawezi kuwa mleta wa kitu anachozawadiwa siku anapofika. Zaidi ya miaka 160 kabla yake, mwaka 1331, Ibn Battuta alipita Mombasa na kutaja ndizi, malimau na utrujj, tunda kubwa la jamii hiyohiyo lenye ganda nene na maji kidogo. Duarte Barbosa, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 16, anaisifu Mombasa kwa bustani zake zenye machungwa matamu na machungu.

Lakini ushahidi ninaoupenda kuliko wote unatoka Kilwa, jirani wa kusini wa delta ya Rufiji. Julai 1505 Francisco de Almeida aliuteka mji huo. Maelezo ya msafara wake, ambayo huhusishwa na Mjerumani Hans Mayr, yanaeleza bustani za Kilwa zikimwagiliwa kwa maji ya visima, na miongoni mwa mazao yake yanataja machungwa matamu na malimau. Sasa tupige hesabu ya mkulima. Meli za kwanza za Kireno kufika Kilwa ni za Pedro Álvares Cabral, Julai 1500. Kati ya 1500 na 1505 ni miaka 5. Mchungwa uliopandwa kwa mbegu huchukua miaka 6, 7, hata 10 kabla ya kuzaa vizuri. Mtu yeyote aliyewahi kusubiri mchungwa wa mbegu atakubali kwamba miti ile ilikuwa imesimama kabla Mreno hajaiona pwani hii.

Hadithi ya Wareno ina chanzo chake. Ni wao walioyaeneza machungwa matamu huko Ulaya, ndiyo maana hata Waarabu wa Misri na Shamu wakaliita tunda hilo kwa jina la Ureno. Kwetu njia ilikuwa nyingine: ni Bahari ya Hindi, vyombo vya kaskazi na kusi, na watu waliokuwa wakisafirisha miche na mbegu kati ya India, Uarabuni na Uswahilini karne nyingi kabla ya mizinga.

"Chungwa ndilo mzazi, chenza, limau, ndimu na balungi ni watoto wake."

Si kweli, isipokuwa kwa balungi.

Chungwa ni chotara. Mwaka 2013 watafiti wa China walichapisha ramani ya vinasaba vya chungwa la Valencia, na kazi zilizofuata, hasa ile kubwa iliyotoka katika jarida la Nature mwaka 2018, zilikamilisha picha. Upande wa mama ni furungu, lile tunda kubwa kama kichwa cha mtoto, lenye ganda nene na nyama ya ukavu-ukavu. Upande mwingine ni chenza. Wala si ndoa ya mara moja. Furungu na chenza zilichanganyika kwa vizazi kadhaa, uzao ukaolewa tena na uzao, hadi ukatokea mti mmoja wenye damu ya chenza iliyozidi kidogo ile ya furungu. Watu wakauonja, wakaupenda, wakautunza.

Hata wewe unaweza kuiona nasaba hiyo bila maabara. Chuma jani la mchungwa utazame kikonyo chake. Kabla ya kufika kwenye jani lenyewe, kikonyo kina bawa jembamba pande zote mbili, kama kijani kidogo kilichotangulia. Kwenye mfurungu bawa hilo ni pana sana. Kwenye mchenza ni dogo mno, karibu halionekani. Mchungwa uko katikati, kama ambavyo ungetegemea kwa mtoto wa hao wawili. Nimewaonyesha watu wengi jambo hili kwenye mashamba ya Pwani na kila mara wanarudi kwenye miti yao wakichuma jani baada ya jani.

Hao wengine je? Limau ni mtoto wa danzi na utrujj. Ndimu ina utrujj upande mmoja, na upande wa pili tunda la mwituni la Ufilipino. Balungi la kisasa, lile chachu na chungu kidogo ambalo hukatwa nusu na kuliwa kwa kijiko, ndilo pekee lenye haki ya kumwita chungwa mzazi: lilitokea Barbados katika karne ya 18, furungu lilipokutana na mchungwa.

"Danzi ni chungwa lililorudi porini."

Si kweli. Danzi ni ndugu wa chungwa, si chungwa lililoharibika. Wazazi ni walewale, furungu na chenza, lakini ulikuwa mkutano mwingine kabisa, uliotokea mara moja kati ya furungu na chenza safi ya asili. Uchungu wake ni wa kuzaliwa. Ukilimwagilia na kulitia mbolea miaka 100, litabaki danzi.

"Jina lake la kisayansi linathibitisha kwamba asili yake ni China."

Kweli nusu, na nusu isiyo kweli ina habari nyingi zaidi.

Mwaka 1753 Carl Linnaeus, Mswidi aliyeweka utaratibu wa majina ya mimea, aliliorodhesha chungwa tamu kama namna tu ya danzi, akaiita sinensis, yaani ya Kichina. Mwaka 1765 mwanafunzi wake Pehr Osbeck, kasisi aliyewahi kusafiri hadi China kwenye meli ya kampuni ya biashara ya Uswidi, akalipa hadhi ya spishi kamili. Ndiyo maana hadi leo vitabu vinaandika Citrus sinensis na kumtaja Osbeck mwishoni. Jina linaonyesha mahali ambapo Wazungu walilihusisha tunda, na kwa bahati hawakukosea sana: mchanganyiko ule wa furungu na chenza yaelekea ulifanyika kusini mwa China. Ila ukoo mzima wa michungwa na mindimu una chimbuko la zamani zaidi. Utafiti wa 2018 unaliweka kwenye miguu ya kusini-mashariki ya Himalaya: Assam, kaskazini mwa Myanmar na magharibi mwa Yunnan. Kutoka hapo, miaka milioni 6 hadi 8 iliyopita, hali ya hewa ya Asia ilipobadilika, ulienea haraka na kugawanyika.

Na wanasayansi hawakuwahi kukubaliana kwa urahisi. Walter Swingle wa Marekani aliuhesabu ukoo huu mwaka 1943 akapata spishi 16. Tyôzaburô Tanaka wa Japani akahesabu miti hiyohiyo akafika 162. Tofauti ilitokana na swali moja: je, chotara ambacho wakulima wamekitunza vizazi na vizazi kihesabiwe spishi? Mwaka 1997 David Mabberley alipendekeza chungwa, danzi na balungi viwekwe pamoja chini ya jina moja la chotara, Citrus × aurantium, kwa kuwa vyote ni furungu na chenza kwa vipimo tofauti. Wengine hulifuata pendekezo hilo, wengine hushikilia Citrus × sinensis. Alama hiyo ya × katikati ndiyo ya kuzingatia: ni ungamo la kisayansi kwamba mti huu haukuumbwa peke yake.

"Valencia, Jaffa na Washington Navel ni mimea tofauti."

Si kweli, na hili ndilo jambo ambalo ningependa kila mwenye shamba Kibiti alijue.

Kwa maembe, aina ni aina kweli. Dodo, boribo na sindano ni watu watatu waliozaliwa kwa mbegu tofauti. Machungwa matamu si hivyo. Yote, ya Brazil, ya Florida, ya Hispania, ya Muheza na ya Bungu, yanatokana na mti mmoja wa zamani. Kilichobadilika ni vijitawi. Mara mojamoja chipukizi hupata kasoro ndogo katika vinasaba: matunda yanachelewa kuiva, au mbegu zinapungua, au kitovu kinajitokeza. Mtu mwenye jicho akakata kikonyo cha tawi hilo, akakibebesha kwenye shina jingine, na "aina" mpya ikapata jina. Washington Navel ilianza hivyo Bahia, Brazil, ikapelekwa Marekani mwaka 1870. Jaffa ilianza hivyo Palestina katika karne ya 19.

Kwa hiyo shamba lenye "aina nne" za machungwa matamu, kwa lugha ya vinasaba, ni shamba la mti mmoja uliorudiwa. Nitalirudia hili nikifika kwenye maradhi.

"Mbegu ya chungwa haizai chungwa, huzaa tunda chachu."

Kwa sehemu kubwa si kweli, na wazee wa Rufiji waliopanda kwa mbegu hawakuwa wajinga.

Panda mbegu moja ya chungwa kwenye kopo. Mara nyingi yatachipuka machipukizi mawili au matatu. Ndani ya mbegu moja mna viini kadhaa, na vingi kati yake havikutokana na chavua. Vimetokana na tishu ya mama peke yake. Miche hiyo ni nakala kamili ya mti uliozaa tunda. Mchungwa ulijipatia uwezo huu kutoka upande wa chenza. Mfurungu hauna, ndiyo sababu mbegu ya furungu huleta mshangao na ya chungwa haileti. Chagua miche iliyo sawasawa na yenye nguvu, acha ile dhaifu isiyofanana na wenzake, na chungwa la baba yako litazaa chungwa la baba yako.

Hasara iko kwingine. Mti wa mbegu huanza utoto upya: unakuwa mrefu, unajaa miiba, unachelewa kuzaa. Mche wa kubebesha huanza kutoa matunda ndani ya miaka 3 au 4. Hata hivyo, wanaosema kwamba machungwa ya miti ya zamani yalikuwa matamu zaidi wana hoja. Shina linalotumika sana chini ya miche ya kubebesha ni la limau lenye ganda la makunyanzi. Linavumilia ukame na ardhi ya mchanga, linakuza mti haraka, lakini tunda lake huwa na sukari pungufu kidogo kuliko la mti uliosimama kwenye mizizi yake.

"Mchungwa wangu uligeuka mlimao."

Si kweli. Mti haubadili ukoo. Kilichotokea ni kwamba mche ulikuwa wa watu wawili tangu siku ya kununuliwa: juu chungwa, chini limau. Chipukizi likitokea chini ya kovu la kubebeshea, hilo ni limau, na limau lina nguvu kuliko chungwa. Likiachwa misimu miwili linapanda, linafunika, sehemu ya juu inakosa chakula na kufa, na mwenye shamba anabaki na mti wa miiba na matunda ya makunyanzi. Dawa ni kulijua kovu, kwa kawaida kiasi cha shibiri moja au mbili kutoka ardhini, na kung'oa kila chipukizi la chini yake likiwa bado laini.

"Usipande mndimu karibu na mchungwa, nyuki watalitia chungwa uchachu."

Si kweli. Nyama na maji ya chungwa vyote ni mwili wa mama. Chavua ya mndimu ikiingia, kinachoweza kuguswa ni kiini ndani ya mbegu, si kile unachokula.

"Chungwa la kijani ni bichi."

Si kweli, na uongo huu unaiumiza Kibiti sokoni.

Rangi ya ganda haitokani na utamu. Ukijani wa chungwa huondoka pale usiku unapopoa, kama nyuzijoto 13 hivi au chini yake. Baridi hiyo huvunja rangi ya kijani na kuacha ile ya manjano iliyokuwa imejificha. Hispania inapata usiku wa namna hiyo. Afrika Kusini inaupata. Lushoto na nyanda nyingine za juu zinaupata. Bonde la Rufiji halipati, hata Julai, kwa hiyo chungwa la Kibiti huiva likiwa kijani au kijani-manjano, na ndani limejaa sukari. Na yale ya rangi kali yanayopangwa kwenye maduka makubwa ya Dar es Salaam, mengine huwa yamepitishwa kwenye vyumba vyenye gesi ya ethileni ili ganda libadilike. Gesi hiyo haiongezi utamu hata tone.

Lakini pana kosa la upande wa pili, nalo ni la wachumaji. Embe na ndizi huendelea kuiva baada ya kuchumwa, chungwa haliendelei. Likichumwa changa kwa sababu dalali ana haraka ya kujaza lumbesa, litabaki chachu ndani ya gunia mpaka linaoza. Atakaye kujua ukomavu alipime mkononi: chungwa lililokomaa ni zito kuliko linavyoonekana, ganda limenyooka na linang'aa kidogo, vitundu vya mafuta vimetulia. Kisha apasue moja, aonje.

"Tope la delta lina rutuba kuliko kwote, basi ndiko kwa kupanda machungwa."

Si kweli. Tope la Rufiji ni la mpunga, na pembezoni mwa bahari ni la mikoko, msitu wa mikoko mkubwa kuliko wote Afrika Mashariki. Mizizi ya mchungwa hufa ikizama majini siku nyingi, na chumvi ni adui yake mwingine. Mafuriko ya Aprili 2024 yalipofunika mashamba ya Rufiji na Kibiti, kila mwenye mti wa matunda bondeni aliona kwa macho yake kipi kinastahimili maji. Mchanga wa juu, ule unaoonekana maskini, unapitisha maji, na ndiyo maana mikorosho na michungwa hukaa huko pamoja.

"Chungwa ni mgeni asiye na ndugu Afrika."

Si kweli. Jamii yake, Rutaceae, ina wenyeji wengi hapa. Mjafari, mti wa miiba ambao magome na mizizi yake hutumika sana katika dawa za asili za pwani, ni wa jamii hiyo. Misitu ya Uganda na Kongo ina miti ya Citropsis, karibu binamu wa machungwa wenyewe, yenye vitunda vidogo vya harufu ileile.

Shahidi bora ni kipepeo. Kwenye miche ya kitalu utakuta kiwavi mdogo anayefanana na kinyesi cha ndege, ambaye akikua hugeuka kijani na akiguswa huchomoza pembe mbili zenye harufu kali. Huyo ni Papilio demodocus, kipepeo wa Afrika. Alikuwa akitaga kwenye miti ya jamii hii kabla mchungwa haujavuka bahari. Ulipofika, aliunusa, akautambua, akaanza kutaga. Undugu uliowachukua wataalamu karne nyingi kuupanga, yeye aliujua kwa harufu.

"Kwa elimu ya mimea, chungwa ni beri."

Kweli. Limetokana na ovari moja, lina mbegu nyingi ndani ya nyama laini. Na kile tunachokinywa kimo ndani ya vinyweleo: vifuko vidogo vya maji ni vinyweleo vilivyoota kutoka ukuta wa ndani wa kila kipande, vikavimba.

"Ugonjwa unaoua michungwa ni wa nyanda za juu, haushuki Kibiti."

Ilikuwa kweli. Sasa si kweli.

Ugonjwa huo husababishwa na bakteria wanaoziba mishipa inayopitisha chakula cha mti. Namna ya Kiafrika hubebwa na mdudu mdogo anayependa baridi, Trioza erytreae, na bakteria wake hudhoofishwa na joto, kwa hiyo joto la pwani lilikuwa ngome. Lakini mwaka 2016 watafiti walitangaza kwamba mdudu wa Asia, Diaphorina citri, amepatikana Tanzania, katika eneo la Morogoro. Huyo anastahimili joto, na ndiye aliyebeba maradhi yaliyoiangusha Florida. Hapo ndipo nasaba inapokuwa jambo la mfukoni. Kwa kuwa machungwa matamu yote ni mti mmoja, hakuna "aina" ambayo mkulima anaweza kuikimbilia. Kinachoiua Valencia kinaiua na Jaffa.

Dalili inayotajwa sana kwenye vitabu vya kigeni ni tunda linalobaki kijani upande wa chini. Kwa Kibiti dalili hiyo haisaidii, maana tunda zima huwa kijani hata mti ukiwa mzima kabisa. Tazama jani. Jani lenye njaa ya virutubisho hugeuka njano kwa mpangilio unaofanana kushoto na kulia mwa mshipa wa kati. Jani lenye ugonjwa huu huwa na mabaka ya njano yasiyolingana pande hizo mbili. Ukiliona, usikate vikonyo vya kubebesha kutoka kwenye mti huo wala usiuze miche iliyotokana nao. Mpigie bwana shamba au ofisi za Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Na vichipukizi vipya vinavyotoka baada ya vuli na masika vigeuze na kuvitazama kwa chini, kwa sababu mdudu hutaga hapo, kwenye majani machanga ambayo bado hayajakunjuka.